Pikapu Inapiga Starta Lakini Haiwaki



Ndugu msomaji, magari yasiyowaka hayafanani. Kuna gari ambalo ukizungusha ufunguo husikii kitu, au unasikia mlio mmoja mdogo kisha kimya. Hilo lina shida ya umeme: betri imekwisha, vichwa vya betri vimelegea au vimeota kutu, au starta yenyewe imechoka. Na kuna gari ambalo ukizungusha ufunguo starta inafanya kazi yake vizuri, injini inazunguka na kuzunguka, lakini haiwaki. Hili la pili ndilo linalosumbua akili zaidi. Limefanya nusu ya kazi na kukataa nusu iliyobaki, na katika nusu hiyo iliyobaki kuna vitu vingi vinavyoweza kusingiziwa.

Neno hilo "kusingiziwa" tumelitumia kwa makusudi. Makala hii inahusu pikapu ya seminari iliyokataa kuwaka Juni iliyopita, namna tulivyoutafuta ugonjwa wake hatua kwa hatua, na jina la mtu mmoja lililokuwa hatarini wakati tunautafuta. Tumewaandikia mafrateri wenzetu, na pia waamini wa parokiani wenye magari, ambao huenda asubuhi moja wakakutwa na jambo hilohilo.

Pikapu na maneno

Sisi tunaoandika ni mafrateri wa falsafa, mwaka wa pili. Katika mgawanyo wa kazi za mikono wengine wamepata bustani, wengine nguruwe, wengine sakristia. Sisi wanne tumepangiwa gereji. Mmoja wetu alifanya kazi kwa fundi wa magari kwa miaka 2 kabla ya kuja seminari. Watatu waliobaki tulikuja tukijua kuosha magari tu, mengine tumejifunzia hapa.

Pikapu yenyewe ni ya dizeli, silinda nne, ya aina ya zamani ambayo injini yake haina kompyuta. Inapeleka mahindi mashineni, inaleta kuni, na usiku inapeleka wagonjwa hospitali. Ijumaa ile asubuhi ilikataa kuwaka wakati mwenzetu wa mwaka wa kwanza alikuwa na homa kali. Ilibidi apelekwe kwa bodaboda, mwenzake akikaa nyuma yake na kumshikilia asianguke. Kwa neema ya Mungu alipona, lakini safari ile ya bodaboda katika baridi ya Nyanda za Juu Kusini ilitia watu hasira, na hasira hutafuta mtu.

Mtu alikuwa tayari. Dereva wetu ni mzee aliyeendesha magari ya seminari kwa miaka 19. Wiki chache kabla ya hapo kuna aliyemwona akiingia nyumbani kwake na dumu la lita ishirini. Basi pikapu ilipokataa kuwaka, maneno yakaunganishwa haraka: Mzee anauza dizeli, na kinachopungua anafidia kwa mafuta ya taa. Jikoni walisema hivyo, na pale kisimani walisema hivyo. Tulisikia mpaka methali zikitumika: "Lisemwalo lipo, kama halipo laja." Wengine wakasema, "Kikulacho ki nguoni mwako."

Wakati huohuo fundi mmoja kutoka mjini aliletwa. Alizungusha ufunguo mara tatu, akafungua boneti, akatazama, akasema pampu ya dizeli imekufa, ishushwe ipelekwe ikafanyiwe matengenezo. Gharama aliyoitaja ilikuwa sawa na chakula cha jumuiya nzima kwa siku nyingi.

Kwa hiyo Ijumaa jioni tulikuwa na majibu mawili. La kwanza lilisema dereva ni mwizi. La pili lilisema pampu imekufa. Yalitofautiana sana, lakini yalifanana katika jambo moja: yote mawili yalitolewa kabla ya mtu yeyote kupima chochote. Padri Mwekahazina, ambaye ni mtu wa haki, alituita akasema kikao ni Jumatatu, na mambo yote mawili yako mezani, fedha za pampu na ajira ya dereva. "Nileteeni kitu ninachoweza kukisimamia," alituambia.

Injini ya dizeli inataka nini

Injini ya petroli huwashwa kwa cheche ya plagi. Ya dizeli haina cheche. Mjerumani Rudolf Diesel, ambaye injini yake ya kwanza iliyofanya kazi vizuri ilipimwa mwaka 1897 mjini Augsburg, alitegemea jambo ambalo kila mwenye pampu ya baiskeli analijua: hewa ikibanwa kwa nguvu hupata joto. Katika injini kama ya pikapu yetu hewa hubanwa mpaka kufikia takribani sehemu moja ya ishirini ya ujazo wake au hata chini ya hapo, na joto lake hupita nyuzi 500 za sentigredi. Hapo ndipo dizeli hupulizwa ndani kama ukungu, na inawaka yenyewe.

Kwa hiyo injini hii inataka mambo manne tu. Izungushwe kwa kasi ya kutosha. Hewa ibanwe vizuri. Dizeli ifike kwenye silinda, kwa wakati wake na kwa presha yake. Na kukiwa na baridi, hita plagi zipashe joto kwanza. Kama starta inazungusha na injini haiwaki, moja kati ya haya manne limekosekana. Ukiyajua haya, huna tena sababu ya kubahatisha. Unauliza moja baada ya jingine.

Tulianza na dereva

Daktari haanzi na sindano, huanza na maswali. Jumamosi asubuhi, kabla ya kushika spana, tulikwenda kwa Mzee. Tulimsalimu, tukakaa, tukamuuliza hivi: gari lilianza lini kusumbua, na linasumbua lini zaidi?

Alikaa kimya kidogo, kisha akasema, "Wanangu, hii gari ina wiki mbili. Ikilala imeangalia juu pale jikoni, asubuhi ni vita. Ikilala imeangalia chini, inawaka mara moja. Na ikishawaka ya kwanza, mchana wote haina shida. Nilitaka kusema, lakini siku hizi nikisema naonekana najitetea."

Ndugu msomaji, tunaomba usimame hapo kidogo. Habari muhimu kuliko zote kuhusu ugonjwa wa pikapu ile ilikuwa kwa mtu huyuhuyu aliyetuhumiwa, na tuhuma ndiyo iliyomfunga mdomo. Fundi wa mjini hakumuuliza. Jikoni hawakumuuliza. Mafuta yaliyochanganywa hayajui kama gari limelala limeangalia juu au chini. Pampu iliyokufa nayo haijui. Ugonjwa unaojua mteremko ni ugonjwa wa kitu kinachotiririka, yaani dizeli inayorudi kwenye tanki usiku.

Lakini hilo lilikuwa dokezo tu. Shahidi husikilizwa, kisha maneno yake hupimwa, awe tunampenda au hatumpendi. Tukaenda gereji.

Kuondoa moja moja

Kwanza tulipima kuzunguka. Betri ikiwa imetulia ilisoma volti 12.5, na starta ikifanya kazi haikushuka chini ya 10. Injini ilizunguka kwa kasi nzuri. Jambo la kwanza likaondoka kwenye orodha.

Pili tulisikiliza ubanaji wa hewa. Injini inayobana vizuri ikizungushwa na starta hutoa mdundo ulio sawa, dum, dum, dum, dum, kwa sababu kila silinda inaleta upinzani wake. Mkanda wa taimingi ukikatika, injini huzunguka kwa wepesi na sauti hubadilika, kama mtu anayetwanga kinu kitupu. Wetu ulikuwa mdundo ulio sawa. Tukafungua kifuniko cha kujazia oili, mmoja akazungusha ufunguo, tukaona shafti ya juu ikizunguka ndani. Mkanda ulikuwa mzima.

Tatu tulitazama bomba la moshi. Hiki ni kipimo ambacho hakigharimu hata shilingi. Mtu mmoja anapiga starta, mwingine anasimama nyuma. Ukitoka moshi mweupe unaonuka dizeli mbichi, maana yake dizeli inafika kwenye silinda lakini haiwaki, basi tafuta hita plagi, taimingi au ubanaji. Usipotoka moshi kabisa, dizeli haifiki. Kwetu hakikutoka kitu. Bomba lilikuwa kavu kama la gari lililoegeshwa mwezi mzima. Hita plagi zikaondoka kwenye orodha, na tukabaki na jambo moja tu: dizeli haifiki.

Nne, kwa nini haifiki? Juu ya pampu za aina hii kuna solenoidi, kifaa kidogo cha umeme kinachofungua njia ya mafuta ukifungua swichi na kuifunga ukizima gari. Waya wake ukikatika, gari litapiga starta mpaka betri iishe bila kuwaka, na watu watalaumu pampu. Tulifungua swichi, tukasikia "tik". Tukapima waya wake: volti 12, na umeme haukukatika wakati starta inapiga. Solenoidi ikaondoka.

Tano, kwa spana namba 17 tulilegeza nati ya bomba moja kwenye nozeli, tukapiga starta. Badala ya dizeli kuruka, ilitoka povu hafifu, likakoma. Hapa tunatoa onyo kwa msomaji: usiweke kidole wala uso karibu, maana dizeli yenye presha inaweza kupenya ngozi. Na usifanye hivyo kabisa kwenye magari mapya ya dizeli yenye kompyuta, kwani presha ya mabomba yake huweza kuzidi baa 1,000.

Povu maana yake ni hewa. Sasa yalibaki mambo mawili tu. Ama pampu yenyewe haina nguvu ya kusukuma, kama alivyosema fundi, ama pampu ni nzima lakini inaletewa hewa badala ya dizeli. Na tuhuma ya mafuta ya taa bado ilikuwa imekaa pembeni ikisubiri.

Dumu la lita tano

Ili kutenganisha hayo tulifanya jaribio moja, na ndilo tunalotaka kulieleza vizuri kuliko mengine yote.

Tulifungua nati ya chini ya tanki, tukatoa lita 5 za dizeli ileile iliyokuwa ndani. Hatukwenda kununua nyingine. Tukaimimina kwanza sehemu yake kwenye chupa ya maji iliyo angavu, tukaiacha saa nzima. Maji ni mazito kuliko dizeli, kwa hiyo yakiwamo yatashuka chini na utaona mstari. Hatukuona mstari.

Kisha tukaitia dizeli kwenye dumu dogo, tukafunga mpira na filta ndogo ya plastiki kama ile ya pikipiki, tukaupeleka mpira moja kwa moja kwenye mdomo wa pampu. Mmoja wetu alipanda kwenye kiti akalishika dumu juu, ili dizeli ishuke yenyewe kwa uzito wake. Tulikuwa tumeiruka njia nzima kutoka kwenye tanki: mabomba ya chini, mipira, filta na pampu yake ya mkono. Tukalegeza nati za nozeli, tukapiga starta mpaka upepo wote ukatoka, tukakaza nati. Tukapasha hita plagi, tukapiga starta tena.

Ikawaka. Kwanza kwa silinda mbili, ikitetemeka na kutoa moshi mweupe, halafu ya tatu, halafu ya nne, ikatulia.

Kwa jaribio hilo moja vitu vingi viliachiwa huru kwa pamoja. Pampu ilikuwa nzima. Nozeli zilikuwa nzima. Na dizeli ya tanki lile, dizeli ileile ya Mzee, iliwasha injini. Kilichobaki kilikuwa kati ya tanki na pampu.

Kukitafuta hakukuchukua muda. Tuliweka mpira unaoonyesha ndani kati ya filta na pampu, tukarudisha njia ya kawaida, tukaona viputo vikipita kama samaki wadogo. Tukarudi nyuma hatua moja moja, mpaka kwenye kipande cha mpira mweusi, si kirefu kuliko kiganja, kinachounganisha bomba la chesisi na filta. Chini ya klipu, mahali ambapo jicho halifiki, mpira ulikuwa umepasuka.

Wapo waliotuuliza: kama ulipasuka, kwa nini haukudondosha mafuta? Kwa sababu katika injini hii pampu huvuta dizeli kutoka kwenye tanki. Sehemu yenye kusukuma ikitoboka, mafuta hutoka na utaona tone chini. Sehemu yenye kuvuta ikitoboka, hewa huingia, na chini ya gari panabaki pakavu. Usiku hewa ikiingia, dizeli yote iliyopanda hurudi kwenye tanki, na gari likiwa limeangalia juu hurudi upesi zaidi. Mzee alikuwa ameyasema haya yote bila kutumia maneno haya.

Tulinunua nusu mita ya mpira wa dizeli na klipu mbili. Jumamosi jioni tukaiegesha pikapu pale jikoni, imeangalia juu, kwa makusudi. Jumapili kabla ya Misa iliwaka mara moja. Jumatatu asubuhi, kabla ya kikao, iliwaka mara moja.

Gari halikuwa ushahidi

Darasani tunafundishwa mantiki, na wengi wetu huona kama ni mchezo wa maneno. Hebu tuutazame mchezo uliochezwa hapa. "Mafuta yakichakachuliwa, gari haliwaki. Gari haliwaki. Basi mafuta yamechakachuliwa." Sasa linganisha na hii: "Mvua ikinyesha, uwanja unalowa. Uwanja umelowa. Basi mvua imenyesha." Kila mtu anaona kosa la pili, maana uwanja huenda umemwagiliwa na wenzetu wa bustani. Kosa la kwanza halionekani kwa sababu ndani yake kuna mtu ambaye tayari tulitaka awe na hatia.

Tena hata sentensi ya kwanza si ya kweli. Dizeli iliyotiwa mafuta ya taa kwa kawaida huwaka. Madhara yake huja polepole, kwa kuwa mafuta ya taa hayalainishi pampu kama dizeli inavyolainisha. Ndiyo maana uchakachuaji ulikuwa tatizo kubwa nchini: magari yalikuwa yanawaka, na macho hayakuona tofauti. Mwaka 2010 EWURA ilianza kuweka vinasaba kwenye mafuta ili wakaguzi waweze kupima, na mwaka 2011 serikali ikapandisha ushuru wa mafuta ya taa ili kupunguza kishawishi. Kama jambo hilo lingeonekana kwa kuzungusha ufunguo tu, hayo yote yasingehitajika.

Hapa tunapaswa kusema kwa uangalifu. Jaribio la dumu halikuthibitisha kwamba hakuna hata tone la mafuta ya taa katika tanki lile. Jaribio letu halina uwezo huo. Lilithibitisha kwamba mafuta hayo siyo yaliyolifanya gari likatae kuwaka. Lakini hilo linatosha, kwa sababu gari kukataa kuwaka ndicho kitu pekee kilichoigeuza minong'ono ikawa ajenda ya kikao. Ushahidi ulipoondoka, mtu hakubaki na deni la kuthibitisha kwamba yeye ni mwema.

Na lile dumu la lita ishirini? Hatukumuuliza Mzee juu ya dumu lake. Halikuwa sehemu ya mfumo wa mafuta wa pikapu.

Mtakatifu Thomas wa Akwino, katika Summa Theologiae, sehemu ya pili ya sehemu ya pili, swali la 60, anazungumzia hukumu zinazotokana na shuku. Anatofautisha kuhukumu vitu na kuhukumu watu. Ukikosea kuhusu kitu, kitu hakidhuriki; anayeathirika ni wewe uliyekosa ukweli. Ukikosea kuhusu mtu kwa kumdhania mabaya bila msingi wa kutosha, umemdhuru yeye. Kwa hiyo penye shaka anatutaka tuelekee upande ulio mwema, na anakubali waziwazi kwamba kwa kufanya hivyo mara nyingine tutadanganywa. Anaona kuwa kudanganyika mara nyingi kwa kumdhania vizuri mtu mbaya ni heri kuliko kukosea mara chache kwa kumdhania vibaya mtu mwema.

Tulikuwa tumeyasoma hayo kabla. Gereji ilitufundisha yanavyofanya kazi. Pampu ikisingiziwa, itashushwa, itapimwa, itarudishwa. Hasara ni fedha. Haitakosa usingizi. Haitaacha kusalimia watu njiani. Mzee akisingiziwa, hakuna benchi la kumpimia na kumrudisha alivyokuwa. Kwa hiyo tunaweza kuishuku pampu, solenoidi, hita plagi na nozeli zote nne kwa siku moja bila dhambi, na ni lazima tuvishuku vyote kwa usawa ili tufike kwenye ukweli. Kwa mtu njia ni nyingine: tunaanza kwa kumsikiliza, na kama kuna vya kupimwa tunapima vitu kwanza.

Jumatatu Padri Mwekahazina aliweka mpira ule uliopasuka juu ya meza ya kikao, akaeleza. Tumeambiwa ajenda ya dereva haikusomwa. Mzee bado anaendesha. Kuhusu yale maneno ya jikoni na kisimani, hatujui kama yamekwisha, maana maneno hayana nati ya kukaza. Tunachojua ni kwamba sasa kikitokea kitu kwenye gari, Mzee huja mwenyewe gereji na kutuambia.

Ukikutwa na hali hii

Tunamalizia kwa mambo machache ya kukusaidia, ndugu msomaji.

Usipige starta kwa zaidi ya sekunde 10 au 15 kwa mfululizo. Ipumzishe, la sivyo utaongeza starta iliyoungua juu ya tatizo ulilonalo.

Usimwagie petroli wala kupuliza dawa ya kuwashia kwenye njia ya hewa ya injini ya dizeli yenye hita plagi. Inaweza kulipuka kabla ya wakati, ikavunja injini au ikakuunguza.

Kwa dizeli, angalia moshi kwanza. Hakuna moshi, tafuta njia ya mafuta: kuna dizeli kwenye tanki? Filta imeziba au ina maji? Pampu ya mkono ikibonyezwa inakuwa ngumu, au inabaki laini kwa sababu kuna upepo? Solenoidi inalia "tik"?

Kwa petroli, fungua swichi bila kupiga starta usikilize upande wa tanki. Katika magari mengi utasikia pampu ikiunguruma kwa sekunde mbili hivi. Ikiwa kimya, anza na fyuzi na rilei yake. Ikiunguruma, angalia cheche kwenye plagi. Na kama kwenye dashibodi kuna taa yenye alama ya ufunguo inayowaka na kuzima wakati unapiga starta, huenda gari halikutambua ufunguo wako. Jaribu ufunguo wa pili kabla ya kufungua chochote.

Fundi akikuambia kitu kimekufa, muulize kwa heshima amekipima vipi. Fundi mzuri hatakasirika, atafurahi kukuonyesha.

Na kama gari lina dereva, muulize yeye kabla ya wote. Anakaa nalo kutwa nzima, anajua sauti zake, na huenda ana jambo ambalo anaogopa kulisema.

Tuombeane.